Simu inaporuka kutoka mtandao hadi mtandao, siri hubaki wapi?

Na Mwandishi Wetu, London

Asubuhi moja ya siku ya kazi, mtu ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akitupa habari kutoka nyumbani alikuwa akitembea kwa miguu kuelekea ofisini kwake, simu ikiwa mfukoni. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na picha kumi na mbili za nyaraka zilizokuwa zikija kwetu huku Uingereza, moja baada ya moja, kwa bando alilonunua kwa pesa yake. Alikuwa amewasha VPN kama tulivyomwelekeza. Alipofika getini simu yake ikafanya kile ambacho simu zote hufanya: ikaitambua waifai ya ofisi, ikaliacha bando na kuhamia huko bila ya kumuuliza mwenyewe.

VPN ikakatika. Programu ya kutuma picha ikajaribu tena, ikafaulu, na picha nne za mwisho zikapita katika mtandao wa mwajiri wake bila ya pazia lolote.

Siku mbili baadaye mkuu wa ofisi aliitisha kikao akauliza ni nani pale ndani anayewasiliana na watu waliokimbia nchi. Picha hakuziona, kwa sababu zenyewe zilikuwa zimefumbwa. Alichokuwa nacho ni karatasi ya fundi wa kompyuta yenye jina la tovuti yetu na saa iliyofunguliwa. Kwa bahati, simu zaidi ya thelathini pale ofisini zilikuwa zikitumia nywila moja, na hakuna aliyewahi kuandika simu ipi ni ya nani. Kikao kikaisha kwa vitisho tu.

Jioni ile tulipigiwa simu. "Kaka, mliniambia niko salama," alisema. Hatukuwa na jibu. Hatutaji nchi, wala mji, wala ofisi, kwa kuwa mwenyewe bado yuko huko na ana watoto wanaosoma.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza mafundi, tukisoma, na kujaribu wenyewe ndani ya treni na mikahawa ya hapa London, ili tuelewe nini hasa hutokea katika zile sekunde chache ambapo simu huacha mtandao mmoja na kushika mwingine. Makala hii ni matokeo ya kuuliza huko. Tunaamini inawahusu wengi kuliko waandishi wa habari peke yao.

Kwa nini mazungumzo hukatika

Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti hupewa anwani, ambayo mafundi huiita anwani ya IP. Ukiwa nyumbani kwenye waifai unayo moja, ukitoka nje ukashika mnara wa simu unapata nyingine, na ukiingia kwenye mkahawa unapata ya tatu. Kwa mtu anayefungua ukurasa mmoja na kuufunga, jambo hili halina uzito. Taabu huanza pale mazungumzo yanapokuwa marefu.

Kanuni inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, yaani TCP, iliandikwa katika sura yake iliyotumika kwa miongo mingi mwaka 1981. Wakati ule kompyuta zilikuwa vyumbani na hazikuwa zikitembea. Kwa hiyo waliobuni kanuni hiyo waliyatambulisha mazungumzo kwa mambo manne: anwani ya huyu na mlango wake, anwani ya yule na mlango wake. Moja kati ya hayo manne likibadilika, basi kwa upande wa pili mazungumzo yale hayapo tena. Ni sawa na kuhama nyumba usiku huku jamaa yako akiendelea kupeleka barua kwenye nyumba ya zamani. Barua zinafika, lakini wewe haupo.

Msomaji atauliza: mbona tunasafiri kwa basi kutoka Mombasa hadi Nairobi tukizungumza na simu, tukapita minara mingi, na mazungumzo hayakatiki? Jibu ni kwamba minara ile ni ya kampuni moja, na mitambo yake hukabidhiana mteja, mmoja akimwachia mwingine. Tangu simu za GSM zilipoanza kazi kibiashara huko Finland mwaka 1991, kupokezana huko kulikuwa sehemu ya mpango wenyewe. Lakini kati ya mnara wa kampuni ya simu na waifai ya mwenye duka hakuna wa kumkabidhi mwenzake. Kila mmoja ana mali yake, na mteja hubaki katikati ya njia.

Wanaofanya kazi wakitembea

Hapa Uingereza ndugu zetu wengi wanafanya kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani. Mhudumu hupita nyumba kadhaa kwa siku, kwa basi au kwa gari lake, na siku hizi kazi yote imo kwenye simu: saa aliyofika, dawa aliyotoa, chakula alichokila mgonjwa, na saa aliyoondoka. Nyumba moja ina waifai, ya pili haina, ya tatu iko bondeni ambako hata mnara haushiki. Kumbukumbu ikipotea njiani, mhudumu huulizwa kama kweli alifika, na malipo ya ziara ile huingia kwenye ubishi.

Hilo ni la mfuko. La usalama ni zito zaidi. Ndani ya simu ile mna jina la mgonjwa, anwani yake, maradhi yake, na mara nyingine hata namba ya kile kisanduku kidogo cha ufunguo kilichopigiliwa ukutani kando ya mlango. Mhudumu asiye na bando hujiunga na waifai yoyote iliyo wazi ili amalize kazi yake. Hatumlaumu, kwa sababu bando hilo mara nyingi hulinunua mwenyewe. Lakini mwajiri aliyempa programu ya kujaza bila ya kumpa njia salama ya kuipeleka amemwachia mzigo ambao si wake.

Wapo pia madereva wa malori na wa teksi, mafundi wa umeme, wauguzi wa magari ya wagonjwa, na polisi. Nchini Marekani jambo hili liligunduliwa mapema kupitia magari ya doria yenye kompyuta ndani. Askari aliyekuwa akitafuta namba ya gari iliyoibiwa alilazimika kuandika upya jina na nywila kila gari lake lilipovuka kutoka eneo moja la mawasiliano kwenda jingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya NetMotion, iliyokuwa na makao yake Seattle, ilijenga biashara yake juu ya kero hiyo, ikiuza VPN inayovumilia kukatika na kubadilika kwa mtandao bila ya kumtoa mtumiaji kazini. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilinunuliwa na Absolute Software ya Canada.

Anayepanda treni za chini ya ardhi za London analijua jambo hili kwa mwili wake. Waifai ililetwa katika vituo kuanzia mwaka 2012, mwaka wa Michezo ya Olimpiki, na mawasiliano ya simu ndani ya mahandaki yakaanza Machi 2020 katika sehemu ya mashariki ya njia ya Jubilee, kisha yakawa yanaongezwa kidogo kidogo. Kwa hiyo katika safari ya nusu saa simu inaweza kushika waifai, kuiacha, kushika mnara, kuupoteza, na kurudi kwenye waifai tena.

Nyumbani nako sababu ni nyingine lakini matokeo ni yale yale. Watu wengi Afrika Mashariki wana simu ya laini mbili, na huhama kutoka laini moja kwenda nyingine kwa kufuata bando lililo rahisi siku hiyo, au laini inayoshika vizuri mtaani mwao. Kwa mitambo ya intaneti, huko nako ni kuhama nyumba.

Dawa iliyotafutwa kwa miaka ishirini na mitano

Wataalamu hawakulala. Mwaka 1996 ilichapishwa kanuni iliyoitwa Mobile IP. Wazo lake linaeleweka na kila aliyewahi kusafiri: unamwacha mtu wa kuaminika nyumbani, naye barua zako zote anazipokea na kukuletea popote ulipo. Waandishi wako hawana haja ya kujua kwamba umehama. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilihitaji msaada wa mitambo ambayo watu wa kawaida hawakuwa nayo, na halikuenea kwenye simu zetu kama ilivyotarajiwa.

Mwaka 2006 ikaja kanuni ya MOBIKE, iliyoiruhusu VPN ya aina ya IPsec kubadilisha anwani bila ya kuvunja mazungumzo na kuanza upya. Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walitoa programu ya Mosh, ambayo iliwawezesha mafundi kuendelea kuiongoza seva ya mbali hata baada ya kufunga kompyuta, kupanda ndege, na kuifungua katika nchi nyingine. Mwaka 2013 kampuni ya Apple ilianza kutumia kanuni ya Multipath TCP kwa huduma yake ya Siri, ili sauti ya anayeuliza ipite kwenye waifai na kwenye mnara pia, moja ikilegea nyingine ibebe.

Hatua mbili zilizofuata ndizo zilizomfikia mtu wa kawaida. Ya kwanza ni WireGuard, VPN iliyobuniwa na Jason Donenfeld, ambayo Machi 2020 iliingizwa ndani ya mfumo wa Linux wenyewe. Ya pili ni QUIC, kanuni iliyoanzia Google mwaka 2012 na kuidhinishwa rasmi kama kanuni ya intaneti Mei 2021.

Namna zinavyofanya kazi inafanana na desturi yetu ya kupiga hodi. Bibi aliyekaa ndani hamtambui mjukuu wake kwa mlango aliopitia. Apite mlango wa mbele, apite uani, akisikia sauti tu anajua ni nani, naye atamwitikia kule sauti ilikotoka. WireGuard humtambua mtu kwa ufunguo wake wa siri, si kwa anwani yake. Ukifika ujumbe kutoka anwani mpya, na ufunguo ukathibitika kuwa ni ule ule, seva huandika kwamba fulani sasa yuko huku, na majibu huelekezwa huko. QUIC nayo huyapa mazungumzo namba yake maalumu, ili anwani ikibadilika namba ile iendelee kuyatambulisha. Hapo ndipo mtu anapoweza kutoka nyumbani, akapanda basi, akafika kazini, na kazi yake ikaendelea bila ya yeye kuhisi kitu.

Kutokatika si kufichika

Sasa tunafika mahali ambapo sisi wenyewe tulikosea. Tulidhani kwamba VPN ikishawashwa imewashwa. Hatukujua kwamba kuendelea kwa mawasiliano na kufichika kwa mawasiliano ni mambo mawili mbalimbali, na simu ikilazimika kuchagua moja, mara nyingi huchagua kuendelea.

Programu tuliyompa ndugu yetu ilikuwa ya zamani. Mtandao ulipobadilika, iliuvunja mfereji wake na kuanza kuujenga upya, kazi iliyochukua sekunde kadhaa. Katika sekunde hizo simu iliona waifai nzuri iliyo wazi mbele yake, ikaitumia. Mwenye mtandao hakuweza kusoma kilichomo ndani, lakini aliweza kuona jina la tovuti inayoendewa. Kwa mtu aliye chini ya serikali isiyopenda kuulizwa, jina hilo linatosha.

Kuna kinga ya jambo hili: kuiamuru simu isipeleke chochote iwapo VPN imekatika. Simu za Android zilianza kuruhusu VPN isiyozimika kuanzia toleo la 7, mwaka 2016, na toleo la 8 la mwaka 2017 likaongeza kitufe cha kuzuia mawasiliano yote yasiyopita ndani ya VPN. Kitufe hicho kimefichwa ndani ya mipangilio, na mwenye simu lazima akitafute mwenyewe.

Hata hivyo nacho si ukuta wa chuma. Machi 2020 kampuni ya Proton ilitangaza kwamba katika simu za iPhone mawasiliano yaliyokuwa yameshafunguliwa kabla ya VPN kuwashwa yaliweza kuendelea kupita nje yake. Oktoba 2022 kampuni ya Mullvad ya Sweden ilieleza kwamba simu za Android, kila zinapojiunga na waifai, hutuma ujumbe mdogo wa kupima kama mtandao unafanya kazi, na ujumbe huo hupita nje ya VPN hata kitufe kile kikiwa kimewashwa. Mei 2024 watafiti wa Marekani walionyesha mbinu waliyoiita TunnelVision, ambapo mwenye waifai mbaya anaweza kuipa kompyuta yako ramani ya uongo ya njia, na mawasiliano yako yakapita kwake huku VPN ikionekana kuwa imewaka. Android haikuathirika na mbinu hiyo.

Upo pia ule ukurasa wa mikahawa, hoteli na viwanja vya ndege unaokutaka ukubali masharti kabla ya kupata intaneti. Mpaka uukubali, VPN haiwezi kufunguka. Wengi wetu huizima ili tuingie, kisha tunasahau kuiwasha.

Daraja likibomolewa lote

Tusidanganyane. Hata VPN bora kuliko zote haisaidii pale serikali inapokata waya wenyewe. Misri ilifanya hivyo Januari 2011. Uganda ilikata intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Burundi ilifunga mitandao ya kijamii mwaka 2015, mwaka ule ule ambao vituo vya redio vya binafsi vilishambuliwa na wenzetu wengi wakakimbilia Rwanda na Ulaya. Tanzania ilibana mitandao ya kijamii katika uchaguzi wa Oktoba 2020, na katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ikakatwa nchi nzima kwa siku kadhaa.

Na si serikali peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika pwani ya mashariki ya Afrika, na watu wa Dar es Salaam na Nairobi wakaona intaneti ikisuasua bila ya siasa yoyote kuhusika.

Zaidi ya hayo, kutumia VPN kwenyewe kunaweza kuwa kosa. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka watu na makampuni yanayotumia VPN kujiandikisha kabla ya mwisho wa mwezi ule. Mwandishi aliye London anapomwambia mtu aliye nyumbani "weka tu VPN", anamwambia jambo ambalo yeye mwenyewe hatalilipia.

Vilevile VPN haimfichi mtu kwa kampuni ya simu. Mnara unajua simu ipo wapi, na laini imesajiliwa kwa jina la mwenyewe. Naye mwenye VPN huona kile ambacho mwenye waifai amezuiliwa kukiona. Anayekupa huduma hiyo bure kwa miaka lazima anakula mahali fulani, na ni haki yako kujiuliza ni wapi.

Tunachofanya sasa

Baada ya tukio lile tulibadilisha utaratibu wetu, na tunaueleza hapa kwa faida ya wengine, wawe waandishi, wahudumu wa wazee au wafanyabiashara.

Kwanza, tunazima ile tabia ya simu ya kujiunga yenyewe na waifai inayoifahamu. Kama ndugu yetu angefanya hivyo tu, simu isingemsaliti getini. Ni jambo la dakika moja, na halina gharama.

Pili, tunachagua VPN inayojua kuhama, ya WireGuard au ya IPsec yenye MOBIKE, kisha tunawasha kitufe cha kuzuia mawasiliano yanayopita nje yake.

Tatu, tunajaribu kabla ya kuamini. Mtu anafungua ukurasa unaoonyesha anwani yake ya IP, anazima waifai huku akiutazama, anafungua tena na tena, kisha anawasha waifai na kurudia. Anwani yake halisi ikitokea hata mara moja, programu hiyo haifai kwa kazi ya hatari.

Nne, vitu vizito havitumwi mtu akiwa njiani. Unakaa, unatuma, unasubiri mpaka vimalizike, ndipo unanyanyuka. Teknolojia ya kuhama bila kukatika ni neema kwa anayepeleka ripoti ya kazi, lakini kwa anayebeba siri ya watu kutulia ni bora.

Tano, na hili linatuhusu sisi wenye kuuliza habari: hatumwambii tena mtu yeyote kwamba yuko salama. Tunamwambia nini kinafichika, nini hakifichiki, sheria ya nchi yake inasemaje, na tunamwachia uamuzi. Akisema hapana, basi ni hapana.

Ndugu yetu yule hakututumia tena waraka wowote. Alikaa miezi saba kimya, kisha akapiga siku ya sikukuu kutupa pole ya msiba uliokuwa umetufika. Tulizungumza juu ya watoto, juu ya mvua, na juu ya bei ya mchele. Kabla ya kukata alituuliza kama bado tunavitumia vile vifaa vyetu. Tukamjibu kwamba tunavitumia, lakini sasa tunajua vinavyofanya kazi.

"Basi mwambieni na mwingine atakayekuja," akasema, "kabla hajafika getini."